Hajasema Ova

Wabuge Nyongesa amesaga unga hapa mtaa wa Pioneer, Eldoret, miaka mingi, na katika miaka hiyo yote hakuna mtu aliyewahi kumsikia akimaliza kutaja jina lake. Si kwamba hajui jina lake. Ana kigugumizi. Na balaa ya Wabuge haikuwa kigugumizi chenyewe, bali kuzaliwa katikati yetu.

Sisi watu wa huku, ukituachia nafasi katikati ya neno tunadhani umetupatia kazi. Tulifunzwa hivyo tangu darasa la kwanza. Mwalimu anachora mnyama ubaoni anasema, "Huyu ni ng'o...?" na darasa zima linapaza sauti, "Mbe!" Pasta anasema, "Na Petro akaanza kuza...?" na kanisa linajibu, "Ma!" Hatuwezi kuona sentensi imeachwa wazi tukapita. Tunaifunga, kama mtu anavyofunga lango la boma lisije likatoa ndama, hata kama boma si lake.

Sasa msimamishe Wabuge mbele ya watu kama hao. "Bwana asifiwe. Naitwa Wa... Wa..." "Wabuge!" kanisa linamalizia kwa furaha, makofi yanafuata, naye anaketi. Siku ya harusi yake pasta alimwuliza kama anamkubali Linah awe mke wake. Akasema, "Ndi..." na viti vyote vya mbele vikaitikia, "Ndiyo!" Mimi nilikuwa viti vya mbele na nilisema kwa sauti kuliko wote. Kwa hivyo tukifuata sheria vizuri, Linah aliolewa na viti vya mbele, na Wabuge ni kapera mpaka leo. Linah mwenyewe husema hivyo akikasirika.

Mimi ni Musimbi. Nauza mandazi kando ya mlango wa kinu, na mambo ya Wabuge nayajua kuliko daktari wake. Nina mdomo, sikatai. Mdomo huu ndio umeniuzia mandazi na kunilelea watoto, kwa hivyo anayeusema vibaya aje na ushahidi.

Watu hudhani Wabuge alichagua kazi ya kinu kwa sababu ya faida. Alichagua kelele. Kinu kikinguruma, hakuna anayesikia mwenzake, mkubwa wala mdogo. Ukitaka unga laini unasugua vidole. Ukitaka wa kukoboa unafanya kama mtu anayemenya kitu. Mle ndani sote tunakuwa mabubu, na Wabuge anakuwa fasaha. Nimemwona akimtania mteja kwa nyusi tu, mteja akacheka mpaka akamwaga mahindi.

Halafu akaanza kugonga. Aligonga gorogoro la kupimia kwa kidole: ti-ti-taa, taa-ti. Aligonga meza ya chakula, akagonga Biblia wakati wa mahubiri. Linah akanijia asubuhi moja, kanga imekaa upande.

"Mama, Wabuge anagonga-gonga vitu hata akilala. Ni pepo ama ni mwanamke?"

"Mwanamke hagongwi kwa gorogoro," nikamwambia. "Hiyo ni pepo."

Haikuwa pepo. Alikuwa na programu kwenye simu, inamfundisha Morse, ile lugha ya mlio mfupi na mlio mrefu. Alituonyesha. Kumbe duniani kuna watu wenye redio za kutuma na kupokea, hawauzi kitu wala hawahubiri. Wanasalimiana tu kutoka nchi hadi nchi, wengine kwa mdomo, wengine kwa kugonga. Wabuge alikuwa ameshafanya mtihani, akapata leseni, akapewa na jina la hewani la herufi na tarakimu. Yote kimyakimya. Mtu ambaye hatujawahi kumwacha aagize chai mwenyewe alikuwa amejiandaa kuongea na ulimwengu.

Kilichobaki ni redio. Na hapo ndipo shida ilipokuwa, kwa sababu alikuwa ameuza mtamba wake wa pekee ili ainunue. Akikosea, hakuna mtamba mwingine. Jambo alilotaka lilikuwa moja, na Linah alinieleza baadaye, macho yake yakiwa na maji: alitaka siku moja mtu amwulize jina, na alimalize yeye.

Ilikuwa kosa kuitaja redio hiyo katika ushirika wa maombi wa Jumatano, maana Mzee Kiplimo alikuwepo.

Mzee Kiplimo ni mtu mwema. Naanza na hilo kwa sababu sitalirudia. Alizaliwa upande wa Cheptiret, na hakuna ng'ombe aliyenunuliwa kati ya kule na hapa ambaye hajamtazama meno. Huku kwetu mtu hanunui ng'ombe peke yake, kama vile haendi kuposa peke yake. Anatafuta msemaji. Msemaji anadharau bidhaa, anauliza ukoo wake, anajifanya anaondoka. Mwenye pesa kazi yake ni kukaa kimya aonekane hana haja.

"Kwa kukaa kimya Wabuge ametosha," akasema Mzee Kiplimo. "Mimi ndio nitakuwa msemaji."

"Mzee, mi... mi... mimi..."

"Umeshukuru. Usijali."

Kabla chai haijapoa tulikuwa kamati. Mzee Kiplimo mwenyekiti, mimi katibu, na mwenye redio mwanachama wa kawaida. Nilikubali ukatibu kwa sababu kulikuwa na safari, na sijawahi kukataa safari.

Tulienda Kaptagat Jumamosi, kwa pikapu ya Mzee Kiplimo. Kwenye mlima tulipitwa na wanariadha, kundi zima, na mmoja wao akatupungia mkono kwa huruma. Tulikuwa tunaenda kwa Mama Warigia, mama mzee ambaye Wabuge alimpata kwa wale watu wa redio. Zamani alikuwa akiongoza malori ya chakula cha msaada kwenda kaskazini, yeye ameketi na maikrofoni, malori yako kule jangwani. Siku hizi amestaafu, anafuga kuku, na nyaya zimevutwa kwenye miti yake yote. Alikuwa na redio kuliko nafasi ya kuziweka, akataka kuuza.

Alitupokea na gambuti miguuni, akatupa chai na mkate, akafunua kitambaa cha meza. Redio zilikuwa tatu.

Ya kwanza ilikuwa jitu. Ya Kijapani, nyeusi, ina kioo kikubwa mbele na vifundo kama jiko la hoteli. "Hii ni wati mia," akasema Mama Warigia. "Ya kuongea na ya kugonga. Nimeitumia vizuri, haina ugonjwa. Lakini inakula stima, na inataka mashine yake ya kuilisha, hii hapa pembeni."

Ya pili ilikuwa kama pakiti kubwa ya majani ya chai, ina skrini ya rangi. "Hii inafanya kila kitu, lakini ina menyu ndani ya menyu. Mimi nikitaka kubadilisha sauti najikuta nimebadilisha saa."

Ya tatu ilikuwa kama kipande cha sabuni. Kiboksi cha bati, kimeunganishwa kwa mkono, vifundo viwili. "Hii ni wati tano. Ni ya kugonga peke yake. Hata tundu ya maikrofoni haina."

Mzee Kiplimo alishavua kofia na kuanza kazi. Aliinamia lile jitu, akalipapasa mgongo, akalitazama kwa chini. Nadhani alikuwa anatafuta meno. Alipokosa akaridhika na vifundo. Akalinyanyua, akaguna kwa uzito wake, akalishusha kwa heshima. Kisha akakichukua kile kiboksi kwa vidole viwili.

"Mama, hii ni nini? Wati tano? Taa ya vifaranga inaishinda." Akatugeukia. "Redio bila maikrofoni ni..."

"Bubu," nikamalizia.

Neno lilishatoka. Wabuge alitazama chai yake. Sikupenda nilivyojisikia, na nikachukua mkate nipate cha kufanya na mdomo.

"Tunachukua hii kubwa," akasema Mzee Kiplimo. "Sasa, Mama, tuongee kama watu wazima. Naona ina mkwaruzo hapa."

"Nani ndio ananunua?" Mama Warigia akauliza.

"Ni huyu kijana." Kijana ana mvi.

"Basi wacha niulize yeye. Wabuge, wewe unataka gani?"

Wabuge akaweka kikombe chini. "Na... nataka hii nd... nd..."

"Hii kubwa," akasema Mzee Kiplimo.

"Hii nd..."

"Hii ndio, amesema hii ndio," nikasaidia, mkate mdomoni.

Mama Warigia akapiga meza kwa kiganja, kuku waliokuwa mlangoni wakaruka.

"Nyamazeni! Hajamaliza. Hajasema ova."

Sijawahi kunyamazishwa na mwanamke aliyevaa gambuti. Nilinyamaza. Mzee Kiplimo akanyamaza pia, ingawa alibaki na kidole juu.

"Mimi nimekaa kwa redio maisha yangu," akasema Mama Warigia. "Mtu akinyamaza huko ng'ambo, si ati amemaliza. Pengine wimbi imepotea. Pengine anafikiria. Pengine lori imekwama kwa mchanga na dereva analia, hataki usikie. Ukiingilia hapo katikati mnapotezana nyote wawili. Unangoja. Unangoja mpaka aseme ova, ndio ujue amemaliza na zamu ni yako." Akamgeukia Wabuge, akakunja mikono. "Endelea. Mimi sina haraka, kuku wamekula."

Na Wabuge akaongea. Nitaandika maneno yake bila vile vituo, kwa sababu vituo ni vyake, si vyangu kuuza. Alisema anataka hii ndogo. Alisema stima ikipotea Pioneer, kinu kinanyamaza, na hapo ndipo yeye anapata nafasi. Redio kubwa itakuwa imezimika pamoja na kinu, lakini hii ndogo inakula betri ya pikipiki. Tena stima ikipotea, televisheni na taa na mashine zote za jirani zinanyamaza, na redio inasikia mbali zaidi kwa sababu hewa imetulia. Alisema ana waya mrefu na mti mrefu, na kwamba wati tano juu ya mti zinashinda wati mia ndani ya gunia. Kisha akasema hahitaji maikrofoni. Ana maikrofoni ya kanisa na imetosha.

Chai ilipoa. Jogoo aliingia, akatoka. Wakati mmoja aling'ang'ana na neno "betri" mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na kidole cha Mzee Kiplimo kikatetemeka pale juu, lakini Mama Warigia alimtazama kwa jicho ambalo nadhani liliwahi kusimamisha malori. Tulikuwa tumemfahamu Wabuge maisha yake yote ya utu uzima, na hiyo ndiyo mara ya kwanza tulisikia anachofikiria.

"O... ova," akamaliza, akacheka kidogo.

"Umechagua vizuri," akasema Mama Warigia, na kumfungia kiboksi kwenye gazeti pamoja na kichuma cha kugongea.

Safari ya kurudi ilikuwa matanga. "Tumetoka Eldoret kununua ng'ombe," akasema Mzee Kiplimo akiendesha, "na tunarudi na yai." Wabuge alikuwa amekipakata kile kiboksi mapajani, na kidole chake kilikuwa kinagonga juu ya gazeti.

Jumatano ilibidi redio iombewe, maana huku hata jembe jipya linaombewa. Mzee Kiplimo akaweka mkono juu yake, mkono ukaifunika yote, akaomba kwa machungu: "Bwana, tunakuletea hii redio ndogo. Wewe uliyelisha umati kwa mikate mitano, tazama hizi wati tano." Nilisema amina kwa sababu hoja ilikuwa nzuri.

Wabuge akapanda juu ya kinu, akavuta waya kutoka kwenye bati mpaka kwenye mkaratusi ulio nyuma ya ploti. Siku chache hazikupita kabla waya huo haujapata kazi nyingine. Kwenye ploti, waya uliovutwa hauulizwi ni wa nini, unaanikwa. Mimi nilianika shuka. Waya ulikuwa juu kidogo, nikatumia stuli.

Kisha, alasiri moja kinu kikiwa kimejaa wateja, stima ikapotea. Mngurumo ukashuka, ukafa. Watu wote wakasema lile neno ambalo watu husema stima ikipotea, isipokuwa Wabuge. Nadhani ndiye mtu pekee katika Pioneer nzima aliyetabasamu. Akapangusa mikono, akatoka nje, akatazama juu.

Zilikuwa shuka zangu mbili na foronya. Nilisubiri aanze kunieleza ili nimalizie. Akapanda kwenye stuli, akaziteremsha, akazikunja vizuri kuliko ninavyozikunja mimi, akaniwekea kwenye benchi. Nilisikia aibu, na aibu hainijii kirahisi.

Ndani akaweka kiboksi juu ya gunia, akaunga betri ya pikipiki, akaanza kugonga kile kichuma, akiita yeyote anayesikia. Taa-ti-taa-ti, taa-taa-ti-taa. Akanyamaza, akasikiliza. Ilikuja sauti ya mvua kwenye bati, na hakukuwa na mvua.

"Nilisema," akasema Mzee Kiplimo. Alikuwa ameketi juu ya debe lake la mahindi, anangoja stima kama watu wengine. "Wati tano."

Wabuge akagonga tena. Akasikiliza. Linah alikuwa amekuja na mtoto mgongoni, akasimama mlangoni, na niliona anavyoshika lile fundo la kanga. Akagonga tena. Wateja wakaanza kupiga miayo. Mimi nilikuwa naomba, na sikuwa naombea umati. Nilikuwa naombea yule mtamba aliyeuzwa.

Ndipo ndani ya ile mvua kikatokea kitu chembamba. Ti-taa. Kilikuwa kidogo, mbali sana, kama kifaranga ndani ya ukuta. Wabuge akaganda. Kisha akachukua chaki ya kuandikia magunia, na mkono wake ukaanza kuandika ukutani herufi moja baada ya nyingine. Lilikuwa jina lake la hewani. Mtu alikuwa anamwita. Halafu akaandika BULGARIA.

"Bulgaria ni wapi?" akauliza Mzee Kiplimo.

"Ni kule juu ya Sudan," akasema mteja mmoja kwa uhakika, na tukaridhika.

Sasa sikiliza jambo la ajabu. Milio ilikuwa inakuja na kupotea. Inasimama katikati, kimya, mvua tupu. Na kila iliposimama niliona midomo ya watu ikifunguka kwa mazoea, watu wazima, tayari kumalizia. Lakini ungemalizia nini? Hakuna aliyejua herufi inayofuata. Tulisimama pale midomo wazi, kinu kizima, na kwa mara ya kwanza hatukuwa na la kumsaidia Wabuge. Mtu wa Bulgaria naye hakuwa na haraka. Aliuliza kitu, akanyamaza.

Wabuge akagonga. Aligonga bila kukwama. Sijui Morse, lakini najua mtu anayeongea vizuri nikimwona. Mabega yalikuwa yameshuka, na shingo haikuwa na mshipa hata mmoja. Ikaja milio mingine, akajibu, wakaagana, mvua ikarudi. Akaweka mkono chini.

"Ameuliza nini?" Mzee Kiplimo akauliza kwa sauti ya kanisani.

"Ame... ame... ameuliza ji... ji..."

Mzee Kiplimo alishafungua mdomo. Sikufikiria. Nilichukua andazi kwenye beseni nikamtia mdomoni.

"...jina langu," akasema Wabuge.

"Na ukamwambia?" Linah akauliza kutoka mlangoni.

"Ni... nikamwambia Wa... Wa..."

Jina hilo sote tunalijua. Limeandikwa kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa kinu, mtu yeyote aliye nalo mdomoni angeweza kulitema hapo hapo. Nimezaa watoto, na nawaambia kungoja kule kulikuwa kugumu kuliko mmoja wao. Linah alikuwa analia bila kujipangusa. Mzee Kiplimo alikuwa na andazi mdomoni na macho yamemtoka. Tulingoja, naye akapigana nalo, taratibu, mpaka likatoka.

"Wabuge," akasema. "Wabuge Nyongesa. Wa Pioneer, E... Eldoret."

Hakuna aliyepiga makofi. Hatukuwa na uhakika kama amemaliza.

Akatuangalia mmoja mmoja, wateja na mke wake na mimi, akatia chaki mfukoni.

"Ova," akasema, na ndipo Mzee Kiplimo akaanza kutafuna.